Mtoto Anayesema "Majicho" Amefikiri

Mtoto wa miaka mitatu akilalamika kwamba majicho yake yanawasha, nyumba nzima hucheka, na wana haki ya kucheka, maana furaha inayoletwa na mtoto anayejifunza kusema haina mfano. Tatizo huja baada ya kicheko. Wengi wetu hutoa hukumu palepale: bado mdogo huyo, hajui, ulimi wake haujakomaa, atazoea. Makala haya yanatetea wazo jingine. Kosa la namna hiyo ni ushahidi kwamba mtoto ameshavuka hatua ya kukariri na ameanza kuichambua lugha yenyewe, peke yake, bila mwalimu. Neno "macho" anaweza kulipokea kwa mama yake jinsi lilivyo. Neno "majicho" hakulipokea kwa mtu, kwa kuwa hakuna mtu mzima pale nyumbani anayelisema. Amelitengeneza mwenyewe, na swali la kujiuliza ni hili: amelitengeneza kwa kutumia nini?

Tuliangalie kwa karibu. Katika Kiswahili anachokisikia mtoto kila siku kuna jina na majina, jani na majani, jembe na majembe, jibu na majibu, jengo na majengo. Kote huko wingi hupatikana kwa kuweka ma- mbele ya neno zima na kuliacha neno bila kuligusa. Pembeni kuna kikundi kidogo chenye tabia yake: jicho na macho, jino na meno, jiwe na mawe, jambo na mambo. Hapa mwanzo wa neno hudondoka wingi unapoingia, na kwenye meno hata irabu hubadilika. Chanzo chake ni cha kihistoria. Kwenye jicho, ji- ni kiambishi kilichopachikwa kwenye mzizi mfupi. Kwenye jina ni sehemu ya neno lenyewe na haitoki. Sisi watu wazima hatuijui historia hiyo wala hatuihitaji, tumekariri tu lipi linakwenda vipi. Mtoto hawezi kuiona kwa kulitazama neno, kwani jicho na jina huanza kwa sauti ileile. Ana kanuni ambayo imemfaa mara nyingi, basi anaitumia: majicho, majino, majiwe. Mtaalamu wa sarufi aliyepewa maneno hayohayo, bila kuambiwa kingine, angefika palepale.

Ndivyo ilivyo pia mtoto anaposema "mama wangu" na "baba wangu". Amesikia mama anakuja, mama amelala, mama yule, sawasawa na mgeni anakuja, mgeni amelala, mgeni yule. Kila kitu kinamwonyesha kwamba mama yumo kwenye ngeli ya watu. Sasa kwa nini mgeni awe wangu na mama awe yangu? Mwalimu wa sekondari huhitaji muda ubaoni kulieleza jambo hilo, na wanafunzi wake wana miaka kumi na tano. Mtoto ambaye hajaanza chekechea ameliona pengo lilipo na kuliziba kwa njia iliyo ya kimantiki kuliko yote.

Kinachowatatiza wazazi ni kwamba mara nyingi mtoto huyohuyo, miezi michache nyuma, alikuwa akisema vizuri tu. Anaonekana kama anarudi nyuma. Watafiti wa lugha ya watoto wameujua mwenendo huu kwa miongo mingi, hasa kwa watoto wa Kiingereza, ambao huanza na kitenzi cha wakati uliopita kilicho sahihi, kisha huanza kukibandika mwisho wa kawaida wa vitenzi vingine, kisha hurejea kwenye umbo sahihi na kubaki nalo. Mwanzoni alikuwa amebeba neno zima kama alivyolisikia. Katikati ameigundua kanuni na anaipeleka kila mahali. Mwishoni amejua kanuni inaishia wapi. Anayeonekana kuporomoka katikati ndiye aliyepanda ngazi. Na makosa yenyewe ni machache kuliko tunavyodhani: Gary Marcus na wenzake, katika kazi waliyoichapisha mwaka 1992, walikuta kwamba watoto wa Kiingereza huyafanya kwa wastani chini ya mara 5 katika kila nafasi 100 ambazo wangeweza kukosea hivyo. Sisi huyakumbuka kwa sababu yanachekesha. Zile mara nyingine zaidi ya 90 mtoto aliposema sawasawa hazina wa kuzisimulia.

Ushahidi wenye nguvu kuliko wote ulipatikana kwa jaribio rahisi. Mwaka 1958 Jean Berko wa Marekani alichapisha utafiti ambao aliwaonyesha watoto wadogo michoro ya viumbe visivyokuwapo na kuvipa majina aliyoyabuni yeye mwenyewe. Aliwaonyesha kiumbe kimoja na kukitaja kwa jina lake, halafu akawaonyesha viwili na kuwaachia sentensi waimalizie. Watoto waliweka wingi barabara kwenye neno ambalo hakuna binadamu aliyekuwa amelisema kabla ya siku ile. Kwa hiyo wingi hawakuukariri, kwani hapakuwa na cha kukariri. Mzazi wa Kiswahili anaweza kulifanya jambo hilo sebuleni kwa kalamu na karatasi. Chora mdudu wa ajabu, mwambie mtoto huyu anaitwa kipwedu. Chora wa pili kando yake na useme, sasa wako wawili, hawa ni... kisha nyamaza. Mtoto anayezijua kiti na viti, kikombe na vikombe, ana kila anachohitaji ili kukupa vipwedu. Akikupa, ujue umesikia neno jipya la Kiswahili lililoundwa kwa sheria zote za Kiswahili na mtu ambaye bado anasaidiwa kufunga vifungo vya shati.

Anayeona kwamba naipamba mno akili ya mtoto na aitazame historia ya lugha yetu. Kitabu ni neno tulilolitoa katika Kiarabu, na kule ki- ya mwanzo ni sehemu ya neno lenyewe, haina uhusiano wowote na ngeli. Waswahili walisikia ki- wakafanya vitabu, na leo hakuna anayeona ajabu. Karibuni zaidi, madereva wa Tanzania walichukua maneno mawili ya Kiingereza yaliyoandikwa kwenye mzunguko wa barabara kuwaamuru wapite kushoto, wakapata kipilefti, na mizunguko ikiwa mingi ni vipilefti. Jina la bati la kuzuia tope juu ya gurudumu lilikuja likiwa na silabi ya mwanzo iliyosikika kama ma- ya wingi, basi watu wakaikata wapate umoja: digadi moja, madigadi mawili. Hiyo ndiyo hoja ya mtoto anayesema "vyupa" kwa kuwa chumba ni vyumba na chakula ni vyakula. Hata majicho ana ndugu mtu mzima. Wingi wa jiko katika Kiswahili cha zamani ni meko, lakini nenda dukani leo uone kama hutasikia majiko ya gesi na majiko ya mkaa. Na mtoto anayemwita mwenzake kwa kusema "kuja!" badala ya "njoo!", kwa kuwa cheza, lala na kimbia huamrishwa kwa vitenzi vyenyewe, anasema lile ambalo watu wazima wa Nairobi husema kila siku wanapoitana. Tofauti kati ya kosa la mtoto na mabadiliko ya lugha ni idadi ya watu waliolikubali.

Zipo kazi zilizofanywa juu ya lugha za jamii yetu. Katherine Demuth alifuatilia watoto wa Kisotho nchini Lesotho, lugha ya Kibantu yenye ngeli kama zetu. Aligundua kwamba watoto wadogo huangusha kiambishi kilicho mwanzoni mwa nomino, lakini neno linaloifuata, kama kiwakilishi cha kuonyesha au cha kumiliki, hulipa upatanisho wa ngeli ileile iliyoangushwa. Ni kama mtoto wetu aseme "toto wangu" au "tabu changu". Kiambishi hakijasikika mdomoni, lakini kimo kichwani, vinginevyo asingejua aseme changu. Kamil Ud Deen naye aliwarekodi watoto 4 wa Nairobi wanaojifunza Kiswahili na kuchapisha kitabu juu yao mwaka 2005. Vitenzi vyao vya mwanzo mara nyingi havina kiambishi cha mtenda, au cha njeo, au vyote viwili, lakini irabu ya mwisho wa kitenzi ipo. Mtoto hapangui neno ovyo. Anachoacha na anachobakiza kina utaratibu, na utaratibu huo hufanana kwa watoto ambao hawajawahi kuonana.

Pingamizi la kwanza ni kubwa na linastahili jibu la haki. Kuna watakaosema mtoto ni mwigaji, na ushahidi wao uko wazi. Mgeni akiingia, mama humwambia mtoto, "Sema shikamoo," na mtoto hutamka kwa adabu zote, "Sema shikamoo." Mwingine, kwa kuwa kila kitu chake hukabidhiwa akiambiwa "hiki chako", hukishika kifuani na kupiga kelele kwamba ni "chako!" Huko kweli ni kuiga, na hakuna haja ya kubisha. Bila kuiga, mtoto wa Tanga asingesema Kiswahili na wa Osaka asingesema Kijapani. Lakini kuiga kunaeleza "sema shikamoo", hakuelezi "majicho". Hata "chako!" linahitaji maelezo zaidi ya kuiga, maana ili alitumie kwa mwanasesere mpya ambaye hajawahi kukabidhiwa kwa neno hilo, lazima awe amekata kauli kwamba chako ni jina la kitu ninachokimiliki mimi. Amekosea, lakini amekosea baada ya kutafakari mifano mingi. Pingamizi jingine hutoka kwa wanasayansi wenyewe. Tangu miaka ya 1980 wamebishana kama mtoto ana kanuni kichwani au ana kumbukumbu kubwa ya mifano inayofanana, ambayo neno jipya huifuata. Ubishi huo haujaisha, na hoja yangu haiutegemei. Kwa vyovyote, mtoto amepita mpaka wa alichosikia na kwenda kwenye ambacho hakusikia. Mwaka 1996 Jenny Saffran na wenzake walionyesha kwamba watoto wa miezi 8, baada ya kusikiliza mfululizo wa silabi zisizo na maana kwa dakika 2 tu, walishang'amua ni silabi zipi huandamana. Kichwa kinachofanya hivyo kabla ya kutamka neno la kwanza hakiwezi kuitwa kasuku.

Matamshi nayo huchekesha, na huko nako mambo yana mpango. Kiswahili hukaza sauti kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo nusu ya mwisho ya neno ndiyo inayosikika zaidi masikioni mwa mtoto na ndiyo anayoibakiza. Chakula huwa kula, samaki huwa maki, kijiko huwa jiko, na mtu asiyemzoea hushangaa kwa nini mtoto anataka jiko ili anywe uji. Sukari, baada ya kukatwa mbele na r yake kugeuzwa l, huwa kali, na mtoto huomba aongezewe kali kwenye chai. Sauti za midomo, m, b na p, hutangulia. R na s huchelewa, na wapo wanaoingia shule bado wana kitembe. Muhimu ni kwamba mtoto husikia vizuri kuliko anavyotamka. Berko na Roger Brown, mwaka 1960, waliandika juu ya mtoto mmoja aliyemwita samaki wake wa plastiki kwa matamshi ya kitoto. Mtu mzima alipolirudia neno kwa matamshi hayohayo ya kitoto, mtoto alimkatalia mara kwa mara, mpaka lilipotamkwa sawasawa ndipo akakubali. Wenye kuwaambia watoto "unataka maki?" wakidhani wanawasogelea wanapaswa kulikumbuka jambo hilo. Mtoto anajua neno ni samaki. Anachongoja ni ulimi umfuate.

Kwenye maana, kila mwenye ndevu ni baba, na kila mwenye miguu minne ni paka. Majaribio yameonyesha kwamba mtoto anayewaita wanaume wote baba, akiwekewa picha na kuulizwa baba yuko wapi, mara nyingi humwonyesha baba yake bila kusita. Anazijua tofauti, ila maneno aliyo nayo ni machache kuliko vitu anavyotaka kuvisema, basi huazima lililo karibu. Wakati ni mgumu zaidi, kwa kuwa hauonekani wala haushikiki. Mtoto atakuambia "tulienda kwa bibi kesho", na atasema jana kwa jambo la asubuhi, la mwezi uliopita na la siku aliyozaliwa. Angalia hapo alichokipata kabla ya kucheka: kitenzi chake kina -li-, yaani kwenye sarufi ameshaujua wakati uliopita. Kilichobaki ni kujua ni siku ipi inaitwa nini, na hilo jina huhama kila usiku unapopita. Kesho ya leo ni leo ya kesho. Sijui kama kuna neno gumu zaidi ya hilo kumfundisha mtu asiyejua kalenda.

Sasa lije swali la wazazi: tusimrekebishe? Atakua na majicho yake mpaka lini? Brown na Camille Hanlon, mwaka 1970, walichunguza mazungumzo ya akina mama na watoto wao wakakuta kwamba wazazi huwasahihisha watoto kwa ukweli wa jambo, mara chache sana kwa sarufi. Mtoto akisema sentensi mbovu iliyo ya kweli hukubaliwa; akisema sentensi safi isiyo ya kweli hukosolewa. Na bado watoto hao walikua wakisema vizuri. Anayemlazimisha mtoto hadi alirudie neno hupata faida ndogo. David McNeill aliripoti katika miaka ya 1960 mazungumzo ya mama aliyemrekebisha mwanawe sentensi ileile mara nyingi mfululizo. Mtoto aliirudia na kosa lake kila mara, na mwishowe akaibadilisha mahali pasipokuwa na kosa. Alikuwa na jambo la kusema, na mama alikuwa akimjibu jambo jingine. Kinachofaa ni kitu ambacho bibi na shangazi wengi hukifanya bila kufundishwa: kumjibu alichosema kwa umbo sahihi. Mtoto anasema majicho yanawasha, anajibiwa, "Pole, macho yanawasha? Hebu niyaone hayo macho." Michelle Chouinard na Eve Clark walionyesha mwaka 2003 kwamba watu wazima huirudia hivyo kauli yenye kosa mara nyingi zaidi kuliko isiyo na kosa, na kwamba watoto huyasikia marekebisho hayo na kuyachukua. Hakuna aliyeaibika, na mazungumzo hayakukatika.

Kuhusu kicheko, nimesema ni haki, na nasimamia hapo. Kuna kicheko cha kufurahi na mtoto, na kuna cha kumfanya onyesho: kumwita mbele ya wageni alirudie lile neno, kumshikia simu na kumchochea, kisha kuituma sauti yake kwenye makundi ya watu asiowajua. Mtoto wa miaka mitatu hutambua haraka kwamba hasikilizwi, anatazamwa. Wapo watakaonyamaza na wapo watakaoshikilia kosa kwa makusudi kwa kuwa linaleta makofi. Kwa vyovyote vile amenyimwa anachokihitaji, mtu wa kuzungumza naye. Vivyo hivyo kwa wanaomzuia mtoto asiseme lugha ya nyumbani, Kisukuma, Kikamba au Kihaya, kwa hofu kwamba itamchanganya. Akitia neno la Kikamba katikati ya sentensi ya Kiswahili anatumia kila alicho nacho ili aeleweke, kama wazazi wake wanavyofanya sokoni. Lugha mbili hazisababishi kuchelewa kusema; hilo limechunguzwa sana na jibu ni hilohilo.

Jambo moja lisichanganywe na haya yote. Mtoto anayekosea ana lugha. Wa kumwangalia kwa makini ni anayekaa kimya. Asiyebwabwaja silabi kama ba-ba na ma-ma akikaribia mwaka, asiye na neno lolote akiwa na miezi 18, asiyeunganisha maneno mawili akifikisha miaka 2, au aliyekuwa anasema akaacha, apelekwe kliniki na apimwe masikio kabla ya kitu kingine chochote. Maradhi ya sikio hupunguza usikivu bila mzazi kutambua, na kauli ya "baba yake naye alichelewa" imewapotezea muda watoto wengi ambao wangesaidiwa mapema.

Mwandishi Mrusi Kornei Chukovsky alitumia miaka mingi ya maisha yake kukusanya maneno ya watoto wa umri wa miaka miwili hadi mitano, wazazi kutoka pembe zote za nchi yake wakimwandikia barua, na kitabu chake, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1928, kiliongezwa na kuchapishwa tena na tena. Aliamini kwamba katika umri huo kila mtoto ana kipaji cha lugha ambacho baadaye hufifia. Kiswahili, chenye ngeli, njeo na viambishi vingi vya kuchezea, kinastahili mkusanyiko wa namna hiyo, na kazi inaweza kuanzia kwenye daftari la nyumbani. Andika umri kwa miaka na miezi. Andika neno kama lilivyotamkwa, bila kulinyoosha. Andika pia mtoto alikuwa anataka nini na nani alimjibu vipi, kwani neno peke yake, baada ya miaka michache, hata mama aliyelisikia hatalikumbuka lilihusu nini. Na iandikwe mapema: akifika darasa la kwanza atakuwa anasema macho, meno na mama yangu kama kila mtu, na ukimwambia aliwahi kusema vinginevyo atakukatalia.